Chaki ya Darasa la Nne

Siku tatu mama mkwe alisema kuna kitu kinanuka,
tukamjibu ni jenereta la jirani,
ni upepo wa mwaloni, ni boti za watu.
Siku ya nne akahamisha jiko lake la mkaa
toka barazani hadi nyuma ya mwamba,
akakaa huko, kanuna, na sufuria yake.

Ndipo nikainama chini ya Chura.

Chura ni jina la watoto. Kwenye kadi
ni pikipiki ya matairi manne, nyekundu ya zamani,
iliyochoka kubeba mawe ya watafiti kule Geita,
tukauziwa haina kiti wala ufunguo.
Sasa hubeba dagaa, magunia manne kwa safari,
toka mchangani, ambako bajaji huzama,
hadi barabara ya Igombe.

Chini ya tumbo lake palikuwa na doa
la ukubwa wa kisahani. Nikaligusa, nikanusa kidole.
Nikampigia Lugembe, yuko Ukara, mtandao unakatakata:
"Paka sabuni. Ya mche, ile ngumu.
Ziba tu, nikirudi…"
na hiyo nikirudi ikazama ziwani.

Nazijua nikirudi zake.
Nina mlango mmoja na bati mbili zinazozingoja.

Nikachomoa waya wa betri. Nikamimina tangi
kwenye dumu, polepole, nikalipeleka kivulini.
Nikamtuma Mhoja kwa jirani, wazime moto;
akarudi na jirani mwenyewe,
Bituro, fundi wa mashine za boti, mikono mfukoni.
"Kabureta hiyo, mwalimu," akasema bila kuinama.

Lakini petroli hutambaa.
Huvuja juu, ikafuata mpira
kama mtoto anavyofuata ukuta gizani,
ikifika pa kudondokea inapasingizia pale.
Hata darasani, anayelia
si lazima ndiye aliyepigwa.

Nikapangusa kila kitu mpaka kikakauka.
Nikasaga chaki mbili za shule kwa kitako cha chupa
(Mungu anisamehe, na mwalimu mkuu pia),
nikapaka kabureta, mpira, koki, kitako cha tangi,
Chura akawa mweupe kama mwizi wa unga.
Nikarudisha nusu lita. Nikafungulia.
Tukachuchumaa, mimi na Mhoja.

Ndege ikapita chini, matairi nje, ikitafuta uwanja.
Kabureta, nyeupe.
Mpira, mweupe.
Bituro akakohoa.
Kisha pale koki inapoumana na tangi
ukatokea mstari wa kijivu, mwembamba kama unywele,
ukaanza kuteremka.

"Huyo!" Mhoja akapiga kelele, kama amemwona nyoka.

Spana namba kumi, boliti mbili. Ndani, oringi
imekakamaa na kupasuka, kama ukucha wa kuku.
Nikakata nyingine kwenye tyubu ya baiskeli,
nikajiona fundi usiku kucha.
Asubuhi ilikuwa imevimba, mdomo wa aliyeumwa na nyuki:
mpira ule haupatani na petroli.
Bituro alilijua hilo. Alingoja nilijue mwenyewe.

Makoroboi, kijana ana kopo zima la oringi.
"Namba ngapi, mama?" Sijui namba.
Nikafungua leso, nikamwonyesha marehemu.
Akapekua, akapima, mia nane.
Nauli ilinila zaidi.

Nikafunga. Chaki tena, ya tatu.
Tukangoja hadi kiza, tukamulika kwa tochi:
nyeupe, nyeupe, nyeupe.

Lugembe akapiga. "Ulipaka sabuni?"
"Nilipaka chaki," nikasema, mtandao ukakatika,
safari hii sikuujali.

Asubuhi jiko lilikuwa limerudi barazani.
Mama mkwe akanusa kulia, akanusa kushoto,
akatafuta cha kulalamikia.
"Sasa kunanuka dagaa," akasema.

Na Jumatatu, darasa la nne,
niliandika kwa herufi ndogo.